Jumapili Tunapoenda Kuangalia Maji

Sisi ni wale vijana wa kujitolea wa Kyangwali, upande wa Maratatu. Zamu ya kuandika imetufikia, na tumechagua jambo ambalo wengine wataona ni la kitoto: matembezi. Ndiyo, kutembea tu Jumapili na ndugu na marafiki, bila kutumwa, bila foleni, bila kadi mkononi.

Tuanze kwa kueleza tunapoenda. Kyangwali iko wilaya ya Kikuube, magharibi mwa Uganda. Ukitembea kuelekea jua linapozama, mashamba ya mahindi yanakwisha, yanaanza majani ya malisho, halafu ghafla ardhi inakatika. Ule ni ukingo wa bonde la ufa. Unasimama juu, na chini kabisa unaona uwanda wa Buhuka, pale wanapochimba mafuta ya Kingfisher, na mbele yake Ziwa Albert lote limelala. Upana wake ni kama kilomita 30 hivi. Ng'ambo ya pili ni milima ya Ituri. Ni kwetu.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kama hakuna mvua na hakuna msiba, tunaenda pale. Tunasali ibada ya kwanza, saa mbili asubuhi tunaondoka, saa tano tumefika. Ni masaa matatu kwa miguu kama hamna watoto wadogo, manne kama wapo. Kila mmoja anachanga shilingi elfu mbili. Asiye nayo analeta mihogo au karanga. Asiye na kitu kabisa anabeba jerikani la maji, na huyo hakuna wa kumsema. Tunachemsha chai nyumbani tunaitia kwenye chupa, tunanunua chapati njiani. Simu ni mbili tu za kupiga picha, zingine tunaziacha, maana mkiwa na simu kumi hamtembei, mnatembeza simu.

Kwa nini tulianza? Kwa sababu tulichoka, na si miguu iliyochoka. Kazi yetu ya kujitolea mnaijua: kutafsiri kwenye kituo cha afya, kupanga foleni siku ya mgao, kuzunguka nyumba kwa nyumba na ule utepe wa kupimia mikono ya watoto. Kila mtu anakuletea shida yake kwa sababu umevaa fulana yenye nembo, na wewe shida zako huna wa kumpelekea. Mgao ulipopunguzwa, watu walikuwa wanatukasirikia sisi kana kwamba mahindi tumeyala wenyewe. Mwenzetu mmoja akasema, jamani, hata ng'ombe wanapelekwa kunywa maji mbali, wanaona nchi. Sisi tangu lini tumetoka? Ndiyo tukaanza.

Tunajua tuna bahati. Hapa Uganda mkimbizi anaruhusiwa kutembea. Wenzetu walioko Nyarugusu na Kakuma wanatuambia kwamba kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali. Kwa hiyo tunapoandika haya hatujisifu. Tunasema tu kwamba mlango ukiwa wazi na wewe ukakaa ndani miaka yote, basi umejifungia mwenyewe.

Lakini si wote waliokubali. Mpinzani wetu mkubwa alikuwa Mama. Hatutasema ni mama wa nani kati yetu, maana wote tunakula kwake. Kila tulipopanga safari alikuwa anasema, "Mkimbizi anatembea mara moja tu, siku anapokimbia. Hizi zingine ni za nini?" Akaficha sukari tusiitie kwenye chai ya safari. Mmoja wetu alimweleza kwamba hata Tangazo la Haki za Binadamu la 1948 limeandika mapumziko, ibara ya 24. Mama akauliza kama hiyo ibara inaleta na sukari.

Tulicheka, lakini tulijua sababu ya kweli haikuwa sukari. Zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni mwenzetu aliyevuka. Alikuwa anakuja na sisi pale ukingoni, anakaa kimya, anaangalia. Kiangazi kimoja akateremka mpaka mwaloni, akapanda boti, akaenda kuona shamba lao. Alisema wiki mbili. Alikaa miezi minne. Alirudi amekonda, shamba analima mtu mwingine, na huku alikuta uhakiki umempita. Mpaka jina lake lirudi kwenye kadi ya familia ilikuwa kazi ndefu. Baada ya hapo wazazi wengi walisema ule ukingo ni mbaya: mkiuangalia sana, mtavuka. Tukaweka sheria: tunaangalia, hatuteremki. Na mtu akikaa kimya kupita kiasi, tunamwita aje kumenya mihogo.

Ya pili ni maji yenyewe. Mama alivuka Februari 2018 kutoka upande wa Tchomia, usiku, na watoto wanne. Mwaka ule boti zilikuwa zinavuka zimejaa watu na magodoro, na si zote zilizofika. Yeye alishukia Sebagoro. Baba alibaki nyuma. Aliwasukumia mtumbwi maji yakiwa yamemfika kifuani, akasema, "Tangulieni, mimi nakuja na boti ya asubuhi." Hilo ndilo neno la mwisho. Mama alikaa Sebagoro siku tatu akihesabu boti za asubuhi, mpaka basi la kuwaleta kambini likamkuta. Tangu siku ile hakuwahi kuliona ziwa tena. Samaki anapika, lakini ziwa hataki hata litajwe.

Sasa, mwaka huu mwezi wa tano, Jumamosi usiku, tulikuwa tunafunga karanga kwenye mifuko. Mama alikuwa anaosha vyombo. Akauliza bila kugeuka, "Kesho mnatoka saa ngapi?" Tukamjibu. Akasema, "Msiniache."

Hatukulala vizuri. Tulijadiliana pale nje kwa sauti ndogo. Wengine walisema tumkatalie. Tukimpeleka na akaanguka pale, tutamwambia nini daktari? Na akisema anataka kushuka, anataka kuvuka kumtafuta Baba, nani atamzuia? Ni sisi tutakuwa tumempeleka. Wengine walisema yeye ni mtu mzima, ametulea, na sisi si walinzi wake. Tulishindana mpaka tukaona mambo yote mawili ni kweli. Tukaamua aende, na wawili wetu wasitoke ubavuni kwake.

Asubuhi alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunga vya mtoto wake wa pili. Tulitaka kumtafutia boda. Akakataa, akasema hela ya boda ni ya kurudi, mtu akichoka. Alitembea mbele yetu. Njiani alikuwa anasema habari za mashamba ya watu: huyu amepanda kwa kubanana, huyu palizi imemshinda. Tulishangaa, maana tulitegemea atakuwa na huzuni.

Tulipofika, hakuna kitu. Kweli, hakuna. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na wingu lilikuwa limekaa bondeni kama moshi. Hatukuona ziwa, hatukuona milima, hata uwanda wa chini hatukuuona. Mama akasimama, akaangalia ile nyeupe, akasema, "Ndiyo hii mnayochangia elfu mbili?"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Yeye pia alicheka. Kusema kweli, wengine wetu tulifurahi moyoni kwamba wingu limetusaidia. Tukatandika kanga, tukamimina chai, tukala. Vijana wakaanza mpira wa kukimbizana kwenye majani. Mzee mmoja Mnyoro aliyekuwa anachunga ng'ombe alikuja kutusalimia, tukampa chapati. Anajua Kiswahili kidogo. Alitueleza kwamba kwao hili ziwa linaitwa Mwitanzige, maana yake muua nzige. Ati nzige wakijaribu kulivuka wanachoka katikati, wanaanguka. Tukamtazama Mama haraka. Yeye aliendelea kumenya muhogo. Akamuuliza mzee, "Na wanaofika?" Mzee akafikiri, akasema, "Wanaofika, wanakula mashamba ya watu." Mama akasema, "Basi ni sisi." Yule mzee alicheka sana.

Kama saa saba wingu lilianza kupasuka. Kwanza tuliona maji chini, yanang'aa kama bati jipya. Halafu mitumbwi, midogo kama mbegu. Halafu, upande wa pili, milima. Baada ya mvua inaonekana wazi kabisa, si kama wakati wa kiangazi ambapo vumbi na moshi vinaficha kila kitu. Unaona mpaka mikunjo ya mlima.

Mama alisimama. Wawili wetu tukasimama pia. Akauliza, "Tchomia ni wapi?" Tukaanza kubishana, huyu anaonyesha huku, huyu kule, mpaka tukakubaliana ni kidogo mkono wa kulia, pale milima inaposogea karibu na maji. Akaweka mkono juu ya macho. Akakaa hivyo muda mrefu, tunaona kitenge chake kinapigwa na upepo tu. Hatukujua tuseme nini. Sisi ambao kazi yetu ni kutafsiri maneno ya watu, pale hatukuwa na neno.

Mwisho akasema, si kwa sauti ya kulia, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepiga hesabu sokoni, "Kumbe ni karibu hivi. Miaka yote nilikuwa nalala nikijua ni mbali. Nilikuwa nasema ameshindwa kuja kwa sababu ni mbali."

Hakuna aliyejibu. Kwa sababu wote tulielewa alichosema. Kama ni karibu hivi, na mtu hajaja, basi si umbali uliomzuia.

Tulikuwa tunaogopa neno litakalofuata. Tulifikiri atasema twende, au atateremka ile njia. Hakuteremka. Alikaa chini kwenye kanga, akavua vile viatu, akasema miguu inamuuma na chai imebaki? Ilikuwa imebaki nusu kikombe, ya baridi. Aliinywa. Halafu akaanza kutusimulia habari za Baba ambazo hata watoto wake walikuwa hawazijui: kwamba alikuwa anaogopa vyura yeye mvuvi mzima, kwamba siku ya posa alianguka na baiskeli akaja na suruali imechanika, akakataa kugeuka mbele ya wakwe, akatoka nje kinyumenyume. Tulicheka. Alieleza mpaka saa kumi. Miaka yote nyumbani kwake jina la Baba lilikuwa linatajwa wakati wa sala tu, "umlinde popote alipo". Siku ile lilitajwa kwenye kicheko.

Kurudi tulimkodia boda. Yule kijana alitaka elfu kumi, Mama akamshusha mpaka sita kabla sisi hatujafungua mdomo.

Ndugu zetu, hatutawadanganya. Wiki ile Mama aliumwa kichwa siku tatu na hakwenda shambani. Mtoto wake mmoja alitukasirikia, akasema tulimfungulia kidonda. Labda ni kweli. Sala pia ilibadilika. Sasa hasemi "popote alipo". Anasema "umpumzishe", halafu anasita, halafu anaongeza, "au umlinde, wewe ndiye unajua." Hatujui kama tulifanya vizuri. Tunajua tu kwamba alituomba, na kwamba hakwenda peke yake.

Tulipomuuliza kama atakuja tena, alisema hapana, mara moja inatosha, na wingu lenyewe linapoteza muda wa watu. Lakini majirani anawasimulia kwamba alitembea masaa matano bila kupumzika na vijana wakabaki nyuma wanahema. Ni matatu, na sisi hatukuhema. Tumemwachia.

Kwa hiyo kwa vijana wenzetu tunasema hivi. Msingoje shirika liandike mradi wa matembezi. Tafuteni mahali, hata kama ni chini ya mwembe upande mwingine wa kambi. Changeni kidogo. Nendeni na wakubwa, si vijana peke yenu, hata wale wanaowakatalia. Wekeni sheria zenu kabla ya kutoka, na mtu akinyamaza sana msimwache na mawazo yake. Kazi za kujitolea zitakuwepo Jumatatu, foleni pia.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu tunaenda tena. Jana usiku tulikuta kwenye mkeka kikombe cha karanga zilizokaangwa, kimefunikwa na sahani. Pembeni yake kulikuwa na sukari.

Na nyinyi, huko mlipo, Jumapili mnaenda wapi?