Kibarua Bila Barua

Mwaka 2016, nikiwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, nilikuwa nakamua miwa kwenye bustani ya Forodhani. Vipindi vya Tunguu vikimalizika nilipanda gari la 309 likitoka Jambiani kuja mjini, nikashuka Darajani, nikaswali Alasiri, halafu nikaelekea bustanini kabla jua halijazama. Mwenye meza nilimwita Ami. Hakuwa ndugu wa baba yangu, ila alikuwa jirani yetu wa mtaa mmoja, na hilo lilitosha. Kazi yenyewe ni nyepesi kuitazama, nzito kuifanya. Unauparura muwa kwa kisu, unaupitisha kwenye mashine, unaukunja na kipande cha tangawizi na ndimu katikati, unaupitisha tena na tena mpaka yabaki makapi makavu. Mgeni anapiga picha, anakunywa, anakwenda zake, na wewe unazungusha gurudumu upya.

Saa tano usiku Ami alikunja noti akanitia kiganjani, kama mtu anayetoa sadaka na hataki aonekane. "Leo biashara haikuwa nzuri mwanangu, shika hii ya nauli." Siku nyingine elfu tatu, siku nyingine elfu saba. Sikuwahi kujua nitaondoka na ngapi, na sikuwahi kuuliza. Lakini ilipofika wiki ya mitihani nilisema neno moja tu, "Ami, nina mtihani," naye akajibu, "Nenda kasome, muwa haukimbii." Nilipougua homa alimtuma mwanawe nyumbani kwetu na bakuli la supu.

Nimeanza na Ami kwa sababu ninalotaka kusema linaweza kusikika kama lawama, nami simlaumu. Miaka niliyoishi Uingereza imenifundisha kuwa vibarua vijana wetu wa vyuo wanavyo vingi. Wanachokosa ni kuandikwa.

Angalia tu vyuo vyetu vilipokaa. SUZA na Chuo Kikuu cha Zanzibar vyote viko Tunguu, kwenye barabara ile ile inayotoka mjini ikapita msitu wa Jozani kwenda Paje na Jambiani. Mwanafunzi akisimama kituoni, gari la upande mmoja linampeleka kwenye mahoteli ya mashariki, la upande wa pili linamleta Mji Mkongwe, na kote kuna kazi. Kuna wanaofundisha tuisheni za Form Four jioni. Kuna wasichana wanaopaka hina, wanaopika keki na kuuza ubuyu dakhalia. Kuna wanaozungumza Kiswahili kwa saa na wageni waliokuja kujifunza lugha Vuga. Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, linapojaza Ngome Kongwe, wapo wanaobeba nyaya na kusimama milangoni. Wapo wanaotembeza wageni vichochoroni, japokuwa kazi hiyo inataka kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Asiyenacho ataitwa papasi hata kama anaijua historia ya kila mlango. Msimu mkubwa, Juni hadi Oktoba, unakutana na likizo ndefu ya vyuo. Masika yakiingia, hoteli nyingi za pwani zinafunga na kila mtu anarudi kwenye vitabu. Mpango huo haukupangwa na mtu, lakini unamfaa mwanafunzi kuliko mipango mingi iliyopangwa.

Agosti 2017 niliitwa na rafiki wa rafiki kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Kulikuwa na harusi ya wageni, siku tatu. Nilibeba viti ufukweni, nikapanga meza, nikaosha glasi mpaka saa nane za usiku. Tukaambiwa malipo ni Ijumaa ijayo. Ijumaa ile nilikwenda na shati safi. Mlinzi wa getini akaniuliza, "Nani alikuita?" Nikataja jina. "Huyo hayupo tena hapa." Nikaomba kuonana na mtu wa hesabu, akatoka, akapekua daftari lake kwa utulivu, kisha akanionyesha ukurasa. "Jina lako halimo, kaka." Hakunifokea wala hakunidharau. Kwa mujibu wa daftari lile mimi sikuwahi kukanyaga pale. Nililipa nauli ya kurudi mjini, na hiyo ndiyo ikawa hesabu ya mwisho ya harusi ile.

Septemba 2019 nikaenda Coventry kusoma shahada ya uzamili. Visa ya mwanafunzi iliniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na wiki inahesabiwa Jumatatu mpaka Jumapili. Kwa sisi wa uzamili hata miezi ya kiangazi ilihesabiwa kuwa ya masomo, kwa sababu ndipo tasnifu inapoandikwa. Ukizidisha saa unacheza na visa yako. Nikajiandikisha kwa wakala anayepeleka watu kwenye majiko ya kumbi za mikutano na viwanja vya mpira. Mkataba wenyewe wanauita wa saa sifuri: mwajiri hakuahidi hata saa moja, na wewe hulazimiki kuitikia. Jumanne unaletewa ujumbe, nani anaweza Alhamisi jioni? Unajibu ndiyo au hapana, basi. Kima cha chini kwa mtu wa miaka 24 kama mimi kilikuwa pauni 7.70 kwa saa. Wenzangu wa miaka 18 hadi 20 waliosimama sinki moja na mimi kima chao kisheria kilikuwa pauni 6.15, jambo ambalo mpaka leo naliona ni dhuluma. Saa 20 zikitimia nilipata pauni 154, na kodi haikugusa kitu kwa kuwa kiasi chenyewe ni kidogo.

Wiki ya kwanza, nimemaliza masufuria, nikaenda kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kuandika saa zangu. Nikaandika nimemaliza saa nne usiku. Msimamizi wetu, mama wa makamo, alikuwa nyuma yangu. "Umemaliza saa nne na dakika ishirini," akasema. Nikamwambia haidhuru, dakika ishirini tu. Akaichukua kalamu, akafuta nilichoandika, akanirudishia. "Andika. Umezifanya." Akasimama pale pale mpaka nikaandika.

Sitaki kumfanya malaika. Mama yule hakuwahi kuniuliza kama nimekula, na nadhani jina langu alilijua kwa sababu lilikuwa limebandikwa kifuani. Mara mbili nilifutiwa zamu kwa ujumbe wa simu nikiwa tayari ndani ya basi, na nauli ikawa yangu. Kule "Nenda kasome, muwa haukimbii" hakuna wa kukuambia. Ukisema huwezi mara tatu mfululizo, ujumbe unaanza kupungua wenyewe.

Machi 2020 maradhi yalipofunga dunia, kumbi zilifungwa na saa zangu zikawa sifuri kweli. Visa ya mwanafunzi hairuhusu kuomba msaada wa serikali. Unguja nako ndege za wageni zilisimama, na Ami akakosa wa kumkamulia. Kibarua wa Coventry na kibarua wa Forodhani tulitupwa nje mlango mmoja, wa kwanza kabisa, kabla ya wenye ajira za kudumu.

Siku zile nilipata vitu viwili. Cha kwanza ni sauti ya Ami kwenye simu. Biashara yake imelala, watoto wake watano ndani, na anachouliza ni, "Unakula, mwanangu?" Cha pili kilikuja mwisho wa Aprili, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza: fedha benki ambazo sikuzitarajia, pamoja na hati ya malipo. Sheria ya kule inampa mfanyakazi likizo ya malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka, na hata wa kibarua hujikusanyia likizo hiyo kidogo kidogo kwa kila saa anayofanya. Tangu Oktoba nilikuwa nimefanya saa kama 380. Hesabu ikaleta likizo ya karibu saa 46, zaidi ya pauni 350. Ndani yake zilikuwamo na zile dakika ishirini. Nilifuturu mwezi mzima kwa fedha zile.

Usiku mmoja baada ya Tarawehe niliyoswali peke yangu chumbani, nilijiuliza kwa nini sikuwahi kumuuliza Ami ananilipa kiasi gani. Jibu Mzanzibari analijua: muhali. Kijana anaona muhali kuuliza bei kabla ya kazi, asije akaonekana ana tamaa. Mwenye kazi anaona muhali kutaja bei, asije akaonekana mgumu. Basi ujira unageuka hisani, na hisani haina kiasi wala siku. Aliye na moyo kama wa Ami atakupa hata asipopata. Asiye na moyo huo atakuuliza nani alikuita. Kalamu ya yule mama ilikata muhali huo. Sikuhitaji kumdai mtu usoni, wala yeye hakuhitaji kunionea huruma. Karatasi ilisema kwa niaba yetu sote.

Najua yupo atakayesema huo ni uzungu. Hebu tulitazame neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Lilitokana na kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa kuthibitisha kuwa siku yake ameifanya, mpaka mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Historia ya kikaratasi hicho ni chungu. Katika karne ya 19 vibarua wengi wa mji huu walikuwa watumwa waliokodishwa kubeba mizigo ya wafanyabiashara, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa bwana. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Jina la kibarua likabaki kwa mtu huru, na ile barua, ambayo sasa ingemfaa yeye mwenyewe, ikapotea njiani.

Na kupima kazi mbele ya macho tumekuzoea. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi. Jioni karafuu zinapimwa, yeye na mwenye shamba wote wanatazama, na hakuna anayesema kuwa kupima ni kukosa imani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, na tumeisoma chuo cha Qur'ani tangu wadogo. Wazee wakatuongezea: mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la mwanafunzi nalo ni mali.

Na hasara ni zaidi ya ujira. Kijana anamaliza chuo, anakutana na tangazo la kazi linalotaka uzoefu wa miaka miwili. Amefanya misimu minne hotelini, anajua kupokea mgeni kwa lugha tatu, lakini hana mstari mmoja wa maandishi unaosema alikuwapo. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, lakini ukienda kudai haki yako popote swali la kwanza litakuwa ulifanya siku ngapi, na ushahidi uko wapi.

Ninachopendekeza ni kidogo, wala hakihitaji mashine ya kugonga saa. Kabla ya kazi, ujumbe mmoja wa WhatsApp: siku fulani, kuanzia saa fulani, kwa kiasi fulani. Kazini, daftari la skuli lenye jina, tarehe, saa, na sahihi mbili. Malipo yapite kwenye simu, ili yaache alama. Msimu ukiisha, barua ya mistari mitatu: fulani alifanya kazi hii, tangu lini hadi lini. Vyuo vya Tunguu navyo viwe na meza moja ambapo mwenye hoteli anayetaka vijana kumi kwa wikiendi atapitia, na majina ya vijana hao yakabaki kwenye kumbukumbu ya chuo. Hayo yote yakifanyika, ruhusa ya mtihani na bakuli la supu vibaki kama vilivyo. Hivyo ndivyo vilivyonipungukia ugenini.

Disemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Usiku wa kwanza nikashuka Forodhani. Ami amezeeka, ila mashine ni ile ile, na anayezungusha gurudumu ni kijana wa SUZA wa mwaka wa kwanza wanayemwita Dogo. Tukakaa ukutani, bahari nyuma yetu, nikamsimulia Ami hadithi ya dakika ishirini. Akacheka sana. Halafu akanionyesha daftari lake, kuthibitisha kuwa hata yeye anaandika. Kila mzigo wa miwa aliouchukua kwa mkulima umo, na tarehe, na kilicholipwa, na kilichobaki. Barafu imo. Ndimu zimo.

"Na Dogo yuko ukurasa gani, Ami?"

Akanyamaza, akalipekua mbele na nyuma kama vile huenda amemsahau mahali. Mgeni mmoja alikuwa anasubiri juisi. Ami akafungua ukurasa mpya, akaiweka miwani yake sawa, akamwita kijana.

"Njoo, mwanangu. Jina lako hasa nani? Na la baba?"