Makuyu ya Gizani

Bibi alikula makuyu usiku tu. Alikaa kibarazani, taa imezimwa, akatuonya: "Mkilipasua mtashindwa kulila." Mimi nililipasua. Ndani mlijaa vijidudu vyeusi, vingine vikitembea. Nikatema, na kwa miaka mingi niliamini makuyu ya kwetu Masagati ni mabovu.

Kando ya kijito cha shamba letu kulikuwa na mikuyu miwili. Mwaka 2015 Baba Mdogo aliukata mmoja ili kupanua majaruba ya mpunga. Mimi nilishika kamba, tukiuvuta uangukie mbali na maji. Mpunga uliopandwa pale ndio ulionilipia ada ya kidato cha tano.

Nilikutana tena na wale wadudu chuoni Morogoro, safari hii chini ya hadubini. Ni nyigu wadogo kuliko punje ya mchele. Kuyu ni kama mfuko uliofungwa, maua yake yamo ndani. Nyigu jike hujipenyeza kwenye tundu jembamba hata mabawa yake hukatika. Huchavusha maua, hutaga mayai katika baadhi yake, kisha hufa humo humo. Watoto wake wa kiume hawana mabawa. Hujamiiana na majike, hutoboa njia ya kutokea, nao hufa. Majike hutoka na chavua, wakiwa na chini ya siku mbili za kutafuta mkuyu mwingine wenye makuyu machanga.

Huko Uturuki, wakulima wa tini za Smyrna hutundika tini dume zenye nyigu kwenye matawi ya mti jike, la sivyo tini hupukutika. Misri, ambako nyigu anayechavusha mkuyu hayupo, watu walizoea kulichanja kila kuyu kwa kisu ili liive. Kwetu hakuna anayetundika wala kuchanja. Bibi hakuwa akila uozo.

Pasaka iliyopita nilirudi nyumbani nikamkuta Baba Mdogo ameshanoa shoka kwa ajili ya mkuyu wa pili. Baada ya shikamoo nilimweleza habari zote za nyigu. Nikamtajia na Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "siku ile uliposhika kamba, nyigu hukuwaona?"

Nilinyamaza.

"Na ada ya mdogo wako ataitoa nani?"

Nilikuwa nimesoma kwamba kule Namibia upepo uliwahi kubeba nyigu wa mkuyu hadi kilometa 160. Kwa hiyo nisingeweza kumdanganya kwamba mti wetu mmoja ukianguka nyigu watakwisha. Ukweli ulikuwa mdogo zaidi, na ulinihusu mimi: mkuyu wa kwanza niliula mwenyewe, ukiwa umegeuka ada. Nikamwambia nusu ya ada ya mdogo wangu nitaitoa mimi.

Juzi nilimpigia simu. Makuyu yameiva, watoto wanayaokota na kuyala mchana kweupe. Nikamuuliza kuhusu shoka.

"Muhula huu umelipa," akasema. "Wa Julai tutaona."