Safari ya Lukozi na futi ya seremala

Pikapu yetu haikumaliza wiki nyumbani kabla mume wangu hajaitia kasoro. Ni Hilux aina ya Vigo, ya mtumba, tuliyoinunua kwa fedha tulizochanga na shemeji zangu wawili ili mama mkwe, anayelima kabichi na karoti kule Lukozi, Lushoto, aache kuwategemea madalali wa magari ya kukodi. Mimi niliona gari. Mwenzangu aliona gari lililoinama.

"Tazama, Mama Neema," aliniambia jioni moja tumesimama uani. "Nyuma iko juu, mbele imezama kama mbuzi anakunywa maji. Tukiinyanyua mbele itakaa sawa."

Jumamosi tukaenda Gerezani, Dar es Salaam, mitaa ya vipuri. Huko kila duka lina dawa ya gari lililoinama. Muuzaji wa kwanza alituwekea mezani spesa mbili, vipande vya alumini vinavyokaa juu ya shokapu za mbele. Wa pili alikuwa nazo za plastiki ngumu. Wa tatu aliuza springi ndefu pamoja na shokapu zake, bei mara nne ya spesa. Mume wangu alikwisha kutoa pochi nilipomwomba tumuulize kwanza mzee mmoja aliyekuwa amejiinamia chini ya lori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari lenu linabeba nini?"

Katika maduka yote matatu hakuna aliyetuuliza hivyo. Tulipomjibu, mzee akafuta mikono, akatufundisha kwa dakika kumi mambo ambayo ningependa kila familia yenye pikapu iyajue.

Kiwandani, alisema, pikapu hutengenezwa nyuma ikiwa juu makusudi, ili ikipata mzigo ishuke na kukaa sawa. Anayeinua mbele analisawazisha gari tupu. Spesa nayo ina siri yake: ile ya sentimita 3 ikikaa juu ya shokapu haiinui gari sentimita 3, huinua karibu mara mbili, kwa sababu shokapu imeshika katikati ya mkono wa gurudumu, si mwishoni. Ukizidisha, shafti za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda, bolijointi zinakwisha mapema, na usipofanya alaimenti tairi zinalika upande mmoja. Springi ndefu zenye shokapu zake ni afadhali kwa anayepita njia mbaya, lakini nazo si za gari la mzigo ambalo nyuma yake imechoka.

"Msinunue kitu leo," alimaliza. "Pakieni mzigo wenu wa kawaida, mwende safari yenu, mpime. Kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake. Mbele na nyuma, tupu na likiwa na mzigo, mahali pa tambarare."

Mume wangu alinuna mpaka Ubungo. Lakini Ijumaa iliyofuata aliazima futi ya jirani yetu seremala. Kabla ya kupakia alipima: nyuma ilizidi mbele kwa sentimita 5. Tukapakia saruji na mabati ya jiko la mama, tukamweka Neema kati yetu, tukaondoka.

Chalinze, Segera, Korogwe, yote hayo ni lami iliyonyooka na joto lake. Mombo ndipo safari inapobadilika. Unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi, unakunja kulia, na milima ya Usambara inakupokea papo hapo. Ni kama kilomita 33 mpaka Lushoto, barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, walioupa mji huo jina la Wilhelmstal. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Mchana ni safari ya kufungua dirisha: migomba, hewa inayopoa kila kona, maporomoko ya Soni yakinguruma chini ya barabara.

Sisi tulichelewa, giza likatukuta juu kidogo ya Mombo. Hapo ndipo nilipoona taa zetu zinamulika matawi ya miti. Barabarani, mbele ya tairi, palikuwa na mwanga hafifu tu. Mzigo ulikuwa umeikalia nyuma, pua imepanda. Kwenye kona moja lori la mboga lilikuwa linashuka. Dereva akatuwashia taa mara mbili, mara tatu, kisha akapiga honi ndefu. Tulikuwa tunampofusha. Akaja katikati ya barabara, mume wangu akabana kushoto mpaka nikasikia majani yakikwangua mlango. Lori likapita. Neema alikuwa amelala, hakujua lolote. Mimi mikono ilitetemeka hadi Soni.

Soni tulisimama penye duka lenye taa na mahali pa tambarare. Mume wangu hakusema neno. Alitoa futi, akapima mbele, akapima nyuma, akarudia. Sasa nyuma ilikuwa chini ya mbele kwa sentimita 3.

"Kama ningeinyanyua mbele zile sentimita 5," alisema taratibu, "sasa hivi zingekuwa 8."

Tulilala Lushoto, asubuhi tukamalizia safari kwa mwanga wa jua. Ukungu ulikuwa bado umeukalia msitu wa Magamba, na Lukozi tukaikuta imeamka zamani, wanawake na matenga ya karoti kichwani. Mama mkwe alilizunguka gari lake mara moja, akapapasa bodi kama anavyopapasa ng'ombe sokoni.

"Zuri, wanangu. Lakini mgongo unamuuma," akasema, akicheka.

Hakuwa amesoma Gerezani, ila aliona alichokiona yule mzee.

Tuliporudi Dar, fundi alikuta bapa moja la springi ya nyuma lina ufa na mengine yamenyooka kwa uchovu. Akabadilisha yaliyochoka, akaongeza bapa moja kila upande, akaweka bushi na shokapu mpya za nyuma, kisha akashusha taa kidogo gari likiwa na mzigo. Mbele hakugusa. Alituonya pia kwamba springi nene haziongezi nguvu ya breki wala ekseli, kwa hiyo mzigo ubaki uleule. Gari likiwa tupu sasa linarukaruka zaidi, na nyuma imepanda kuliko mwanzo.

Msomaji, kama gari lako ni la matembezi na halibebi kitu, inua mbele kwa kiasi, fanya alaimenti, rekebisha taa, ufurahie. Kama linalisha familia, lipakie kwanza ndipo ulipime.

Mume wangu bado hupita uani akalitazama, kichwa kaegemeza upande.

"Limeinama," husema.

"Subiri kabichi," humjibu.