Maharagi Mabovu na Bata wa Uani

Hapa kwetu Kayna maharagi huchambuliwa mlangoni. Yaliyo mema huingia chunguni. Yaliyopasuka, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyoota kuvu hutupwa uani, na bata huyakimbilia. Watu husema: bata hula kila kitu. Baada ya siku chache kifaranga kimoja huinamisha kichwa, hukataa maji, hufa. Nasi hutafuta jirani wa kumlaumu.

Yatupasa kulitazama lile rundo la uani. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na vifaranga vya bata pamoja nao. Wataalamu waliikuta sababu katika mashudu ya karanga yaliyoingiwa na kuvu: sumu iitwayo aflatoksini, iharibuyo ini. Kifaranga cha bata huathirika upesi kuliko cha kuku, hata maabara zilikitumia kupimia sumu hiyo. Nayo haiondoki kwa kupikwa. Basi karanga, mahindi au maharagi yenye kuvu yafukiwe shimoni. Yaliyopasuka tu, lakini ni safi na makavu, hayana neno, maadamu yapikwe.

Yapikwe kweli kweli. Haragi kavu lisilopikwa lina sumu yake, hasa lile jekundu, na lililopikwa nusunusu katika jivu la moto laweza kudhuru kuliko bichi. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya mpaka yapondeke kwa vidole. Juu ya milima yetu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, kwa hiyo kuni zisihurumiwe. Soya nayo isitolewe bichi. Chumvi isitiwe: sufuria ya bata iepuliwe kwanza, ndipo mama atie chumvi katika ya watoto.

Njegere ni pole zaidi. Zikiwa mbichi za kijani, bata mkubwa huzila hivyo hivyo. Kwa vifaranga ziponde. Zilizokauka ziloweke au uzivunje, na changarawe ndogo ziwepo uani, kwa maana ndege hana meno, husaga kwa firigisi. Maji yawe na kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani.

Mama mmoja alituuliza: je, tuwanyang'anye watoto maharagi tuwape bata? Hasha. Watoto kwanza. Lakini bata alishwaye mahindi matupu hukua vibaya, na miguu ya vifaranga hupinda kwa kukosa niasini, vitamini ambayo wao huihitaji kuliko vifaranga vya kuku. Sehemu moja ya njegere kwa nne za mahindi, pamoja na majani na wadudu wajitafutiao wenyewe, yasaidia sana. Bata bukini, kwa wachache walio nao, hula majani kama mbuzi. Kwake konzi moja ni karamu.

Limebaki moja. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, mara nyingi zenye rangi nyekundu, si chakula cha ndege wala cha mtu, hata zikioshwa mara saba. Zikibaki baada ya kupanda, zifungwe mfukoni na kutundikwa juu, mbali na watoto, zingoje msimu mwingine.