Saa za Baina ya Kengele na Adhana

Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa katika mji huu huachiwa na kengele ya mwisho kati ya saa 8:00 mchana na saa 9:30 alasiri, na adhana ya Maghribi husomwa saa 12:00 jioni ikipita kidogo. Baina ya kengele na adhana zipo saa tatu, wakati mwingine nne. Ukizijumlisha kwa wiki, kwa muhula, kwa miaka minne, utaona ni sehemu kubwa ya ujana wa mtoto, na hapa kwetu Magomeni wanaozigombania ni wengi. Mwalimu wa tuisheni anazitaka, na amekwishabandika tangazo lake kwenye nguzo ya umeme. Madrasa inazitaka. Mama anazitaka, hasa kama mtoto ni wa kike na nyumbani vyombo vinamsubiri. Vijiwe vinazitaka, na zile mashine za kamari ambazo vijana huziita dubwi, zilizopenya hadi vichochoroni, zinazitaka kuliko wote. Klabu ya shule huja mwisho kabisa wa foleni hii, na mzazi wa Kiislamu mara nyingi ndiye wa kwanza kuifungia mlango.

Nadhani neno lenyewe limechangia kutuponza. Kwa wazee wetu kilabu ni mahali pa kuuzia pombe, na kwa vijana klabu ni mahali pa muziki wa usiku. Basi mtoto akirudi nyumbani na kusema amejiunga na klabu, baba hukunja uso kabla hajauliza ni klabu ya nini. Angeuliza, angejibiwa mengi. Upo mdahalo. Wapo skauti. Zipo klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, na klabu za Malihai zinazowafundisha watoto kuhifadhi mazingira na wanyamapori. Yapo mazoezi ya michezo yanayoanzia kwenye uwanja wa shule na kuwafikisha wenye vipaji UMISSETA ngazi ya taifa. Zipo klabu za sayansi, ambazo tangu ilipoasisiwa Young Scientists Tanzania mwaka 2011, kwa kufuata mfano wa maonesho ya Ireland, zimepata jukwaa la kupeleka uchunguzi wa wanafunzi wenyewe. Na ipo jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, yenye amir na amirat wake, katibu wake na mhazini wake, ambayo wazazi wengine hudhani ni kipindi tu cha dini.

Ninalotaka kulisema ni moja. Katika klabu hizi mtoto hujifunza jambo ambalo darasani halifundishwi, na madrasani, kwa namna tunavyoziendesha madrasa zetu, halifundishwi pia: kubeba dhamana ya watu wengine. Hukabidhiwa daftari, fedha kidogo, ufunguo wa chumba. Hupingwa hadharani na mwenzake wala hana ruhusa ya kukasirika. Hushindwa kwa kura, na kesho yake huitwa kumsaidia yule aliyemshinda. Misikiti yetu ina uhaba mkubwa wa watu wa namna hii. Wenye sauti nzuri ya kuadhini tunao, mahafidhi tunao, watoaji wasiotaka kutajwa tunao, Alhamdulillah. Lakini tafuta mtu wa kutunza daftari la mapato ya sadaka, wa kuandika barua ya kwenda Manispaa kuhusu hati ya kiwanja, au wa kuendesha kikao cha watu arobaini kikaisha kwa uamuzi badala ya kuisha kwa ugomvi. Utazipitia safu zote za Ijumaa na kurudi ulikoanzia. Kwa uzoefu wangu wa ukatibu, vijana wachache wanaoziba pengo hilo ni wale waliowahi kushika nafasi katika jumuiya zao shuleni.

Tunapenda kusimulia habari za Zayd bin Thabit (r.a). Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi Mtume (s.a.w) alipohamia Madina, na siku ya Badr alirudishwa kwa udogo wake. Kisha akapewa kazi ya namna nyingine: ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua za Mtume (s.a.w) zisomwe na kuandikwa na mtu anayeaminika. Imesimuliwa kwamba alijifunza kwa takriban nusu mwezi. Kijana huyo ndiye ambaye baadaye Abubakar (r.a) alimkabidhi kazi nzito ya kuikusanya Qur'ani. Watoa mawaidha wengi huipita haraka sehemu ya barua ili wawahi sehemu ya Msahafu. Mimi, labda kwa sababu ya kazi yangu, husimama hapo kwenye barua.

Muhula uliopita kijana mmoja wa kidato cha tatu, msomaji mzuri katika madrasa yetu, alichaguliwa kuwa katibu wa klabu ya mdahalo shuleni kwao. Klabu hiyo hukutana Jumatano baada ya masomo, na inapomalizika madrasa ya alasiri nayo inakaribia kufungwa. Jumatano ya tatu ustadh alipeleka taarifa nyumbani. Baba yake, mfanyabiashara wa Kariakoo, mtu mwema asiyekosa safu ya mbele katika swala ya Alfajiri, alikuja ofisini akiwa amekwishaamua.

"Katibu," akaniambia, "mshika mawili moja humponyoka. Nimemwambia aiache hiyo klabu."

Sikubishana naye. Nilimwomba wiki mbili, na idhini ya kijana wake kuketi nami katika kikao cha kamati ili anisaidie kuandika muhtasari. Akakubali, nadhani kwa kuniheshimu zaidi kuliko kwa kuridhika.

Kijana alikuja na daftari jipya na kalamu mbili. Kabla ya kikao aliomba kusoma mihtasari ya nyuma, nami nikampa jalada. Tulipofika kwenye yatokanayo, mwenyekiti, kama ilivyo kawaida yetu, akataka tupite kwenye ajenda inayofuata. Kijana akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee wangu. Pampu ya kisima cha kutawadhia imeandikwa katika vikao vitatu kwamba itanunuliwa. Niandike imenunuliwa, au niandike bado?"

Ukimya ulioingia pale ulikuwa wa kuhesabika. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa umri ni babu yetu sote, akaangua kicheko na kusema, "Mjukuu wangu leo katupeleka kwa kadhi!" Pampu ilinunuliwa wiki ile ile.

Magomeni haina siri, na baba yake alizipata habari za pampu kabla ya mwanawe hajavua kanzu. Hakubadili uamuzi palepale. Siku ya tatu alirudi ofisini, na safari hii hakuuliza habari za klabu. Aliuliza habari za saa: kwani madrasa haiwezi kusogezwa? Swali hilo tukalipeleka mbele ya kamati, na mpaka ninapoandika makala haya halijafungwa.

Hoja ya ustadh wetu ni nzito na haifai kupuuzwa. Anatukumbusha kwamba Mtume (s.a.w) ameifananisha Qur'ani na ngamia anayechopoka upesi katika kamba zake ikiwa mwenyewe hamwangalii. Mtoto mwenye juzuu saba kifuani akikosa muraja'a Jumatano nne mfululizo, anayetumwa kuzitafuta aya zilizotoroka ni ustadh, si mwalimu wa mdahalo. Wazazi wengine nao wana yao. Wanasema klabu huwachanganya wavulana na mabinti hadi jioni. Wanasema zipo zinazozungumzia afya ya uzazi kwa lugha ambayo mzazi angependa aione kwanza. Wanasema safari za klabu huishia ufukweni kwenye muziki, na kwamba shule nyingine hupanga mikutano Ijumaa saa ya swala.

Yote haya yanatokea, na mzazi ana haki ya kuyakataa. Ninachokiona ajabu ni kwamba maswali hayo hatuyaulizi kuhusu tuisheni. Huko nako wavulana na mabinti hukaa benchi moja mpaka giza linapoingia, katika chumba ambacho mzazi hajawahi kukanyaga, chini ya mwalimu ambaye hamjui hata kwa jina. Lakini kwa kuwa kuna hesabu na fizikia, tunatoa fedha na kulala usingizi. Klabu ya shule angalau ina mlezi ambaye ni mwalimu mwajiriwa, ina siku maalumu, na ina mkuu wa shule anayeweza kuandikiwa barua. Nimekwishaandika barua mbili za namna hiyo kuhusu mikutano ya Ijumaa, kwa adabu na kwa mhuri wa msikiti, na zote mbili zilijibiwa vizuri.

Upande wa michezo sitakaa sana. Hadithi ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w) siku ya Idi inajulikana, na inajulikana pia nani alimsitiri Bi Aisha (r.a) ili atazame. Binti anayeogopa kwamba hijabu itamzuia kucheza aambiwe kuwa FIFA iliruhusu vazi la kichwa mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani likafuata mwaka 2017. Kilichobaki ni uwanja wenye stara, na huo ni wa kuombwa shuleni.

Wala haya si mageni katika mji huu. Marehemu Kleist Sykes, katibu wa kwanza wa African Association ilipoasisiwa mwaka 1929, alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933, jumuiya iliyojenga Kariakoo shule ya watoto wa Kiislamu. Wanawe wawili, Abdulwahid na Ally, walikuwemo katika mkutano ulioasisi TANU mwaka 1954. Ukiwatazama wazee wale kwa jicho la katibu, unawaona watu waliokuwa wakitoka kazini na kwenda kukaa kwenye vikao, wakiandika, wakichangishana, wakipigiana kura. Saa zao za jioni walizitumia huko, na hakuna aliyewaambia kwamba vikao vingewapunguzia dini.

Pendekezo lililo mbele ya kamati ni kwamba wanafunzi wa sekondari waondolewe kwenye madrasa ya alasiri na kuwekewa darsa baina ya Maghribi na Isha, Jumatatu hadi Alhamisi, pamoja na muraja'a Jumamosi asubuhi. Alasiri ibaki kwa wadogo wa shule za msingi, ambao wamejaa hadi kibarazani. Ustadh ameridhia kwa sharti moja: kila mtoto awe na daftari la muraja'a linalotiwa saini nyumbani, na atakayekosa Jumamosi mbili bila udhuru arudishwe alasiri, klabu au hapana klabu. Sharti hilo nimeliunga mkono.

Kilichotukwamisha ni mabinti. Swala ya Isha ikimalizika ni usiku kamili, na baadhi yao hutoka Makuti, wengine Mwembechai, na wapo wanaolazimika kuvuka Barabara ya Morogoro gizani. Mjumbe mmoja akapendekeza wavulana wahamie usiku na mabinti wabaki alasiri kama walivyo, na wengi wetu tukaanza kuitikia kwa vichwa. Ndipo hajati mmoja akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Na makatibu wa kina mama mtawatoa wapi?"

Hapakuwa na aliyemjibu. Mmoja amesema wazee wapokezane zamu ya kuwasindikiza, mwingine amesema darsa lao liwe Jumamosi na Jumapili asubuhi, na wa tatu ana nyumba karibu na Makuti ambayo anaweza kutoa sebule yake. Kikao ni Jumapili hii baada ya swala ya Alasiri, na wazazi wenye mabinti wa sekondari wanaombwa wafike wenyewe, wasitume salamu. Mikeka ya upande wa pili wa pazia tumeiongeza.