Njia ya Chuma toka Moshi hata Arusha

Mtu aitazamaye njia ya reli huona vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba, akadhani kwamba kazi yote ni kuvilaza. Lakini vyuma ndivyo vya mwisho kuwekwa. Kazi kubwa iko chini yake, mahali jicho lisipofika. Habari za njia iendayo Arusha, mji ulio chini ya mlima Meru, zaonyesha jambo hilo wazi.

Njia hiyo ilianzwa na Wadachi huko Tanga, mwaka 1893. Kampuni iliyoianza ilijenga kilometa 40 tu, hata Muheza, fedha zikaiishia. Mwaka 1899 serikali yao ikaitwaa kazi. Njia ikasonga polepole: mwaka 1902 ilifika Korogwe, mwaka 1905 Mombo, na mwaka 1911 Moshi, kilometa 352 toka Tanga. Hapo ikasimama. Mwaka 1914 Vita Kuu ikaja, nchi ikatoka mikononi mwa Wadachi ikaingia mikononi mwa Waingereza, na njia haikufika Arusha hata mwaka 1929. Fanya hesabu, nawe utastaajabu: toka Tanga hata Moshi ni miaka 18, toka Moshi hata Arusha, mwendo wa kilometa 86 tu, ni miaka 18 mingine.

Katika miaka hiyo mkulima wa Moshi aliweza kupakia kahawa yake katika treni. Mkulima wa Meru alikuwa na udongo mzuri kama ule, lakini mizigo yake ilipita kwanza katika barabara ya udongo. Na masika yalipokuja, magurudumu yalizama katika matope.

Fedha na vita viliichelewesha kazi, na nchi yenyewe si rahisi. Moshi uko mita 800 hivi juu ya bahari, na Arusha mita 1,400 hivi. Gurudumu la chuma likizunguka juu ya reli ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo treni haiwezi kupanda mlima mkali. Toka Moshi hata Arusha njia hupanda kwa wastani mita 7 katika kila mita 1,000. Mtu aendaye kwa miguu hatambui kwamba anapanda, bali injini ikokotayo mabehewa mazito hutambua sana. Tena mito mingi hushuka toka Kilimanjaro na Meru, kama Weruweru, Kikafu na Usa, na kila mto wadai daraja lake.

Basi kazi huenda hivi. Kwanza wapimaji hutafuta mahali pa kupita. Kisha kilima huchimbwa, na bonde hujazwa udongo, hata litokee tuta. Chini ya tuta huachwa mifereji, ili maji ya mvua yapite yasiubomoe udongo. Juu ya tuta humwagwa kokoto, na juu ya kokoto hupangwa mataruma. Katika nchi yenye mchwa, mataruma ya chuma hudumu kuliko ya mti. Mwisho reli hufungwa juu ya mataruma, na katika njia hii nafasi kati ya reli mbili ni mita moja kamili. Reli moja ikifuata nyingine, huachwa mwanya mdogo kati yake, kwa kuwa chuma hurefuka kwa joto la jua. Pasipo mwanya reli zingesukumana na kupinda.

Liko jambo jingine. Reli ni nzito mno kuchukuliwa mbali na watu, kwa hiyo huletwa na treni juu ya reli zilizokwisha kulazwa. Hivyo kila kipande huchukuliwa na kipande kilichotangulia. Kipande cha nyuma kikiwa kibovu, cha mbele hakijengeki.

Walioshika majembe na sululu, wakabeba udongo vichwani, walikuwa wengi, na majina yao hayakuandikwa juu ya daraja wala stesheni. Hata hivyo kila treni ilipita juu ya kazi yao.

Lakini tuta lisipotunzwa hufa. Ulikuja wakati ambapo treni hazikufika Arusha tena, na kwa miaka mingi majani yaliota kati ya reli. Ilipotakiwa treni irudi, haikutosha kuleta injini. Ilibidi njia itengenezwe kwanza. Mwaka 2020 treni ikaingia Arusha tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfereji mmoja uliozibwa na takataka husafishwa na mtu mmoja kwa jembe lake asubuhi moja. Ukiachwa, mvua moja kubwa yaweza kulichukua tuta zima, na reli zikabaki zimening'inia hewani.