Katanning: Mji wa Kondoo, Ngano na Chumvi



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari za mahali pamoja nje ya Perth, kwa faida ya vijana wetu ambao uwanja wa ndege wa Dubai wanaujua zaidi kuliko shamba lililo nyuma ya vilima. Nimechagua Katanning. Jamaa zetu kadhaa wamepata kufanya kazi huko, mpwa wangu akiwa mmoja wao, nami nimekwenda kumtazama mara za kutosha kuijua njia. Tena ipo sababu ya kiualimu. Sisi tuliosoma sekondari katika miaka ya 1970 tulifundishwa Australia kwa ukurasa mmoja: kondoo, ngano, jangwa, basi. Baadaye nami nikaufundisha ukurasa huo huo kule Tanga, kwa watoto waliokuwa hawajapata kumwona kondoo mwenye sufu. Katanning ndio ule ukurasa wenyewe, ila una mengi ambayo hatukuandikiwa.

Mji uko kusini-mashariki ya Perth, mwendo wa kiasi cha kilomita 280. Ukishavuka vilima vya Darling, misitu inapungua, na nchi inakuwa tambarare yenye kupanda na kushuka kidogo kidogo, mashamba ya ngano na shayiri, malisho ya kondoo, na miti imeachwa kando ya barabara na vijito tu. Wakazi hawafiki elfu tano. Hapana mlima wa kupigia picha wala mto wa kusifiwa. Mvua yao huja wakati wa baridi, kuanzia Mei hadi Septemba, hivyo kipupwe chetu cha pwani ndicho masika yao. Ngano hupandwa mwezi wa Mei hivi na kuvunwa mwisho wa mwaka. Kwa mwaka mzima hupata chini ya milimita 500, kama thuluthi moja ya mvua ya Unguja. Mkulima wa kwetu akiambiwa hivyo angefunga virago. Wao hulima ekari kwa maelfu, kwa kuwa mvua hiyo haba inanyesha wakati jua halina nguvu ya kuinyonya.

Kabla ya Wazungu nchi hii ilikuwa, na kwa haki yake ingali, nchi ya Wanoongar, ambao wamekaa pembe hii ya kusini-magharibi kwa zaidi ya miaka 40,000. Jina la Katanning limetoka katika lugha yao. Maana yake hugombaniwa: wengine husema ni mahali pa kukutania wakuu wa makabila, wengine husema ni kidimbwi cha maji safi matamu. Mimi huipenda hiyo ya pili, na sababu yake mtaiona mbele.

Mwaka 1835 Gavana James Stirling na mpima ardhi wake John Septimus Roe walipita sehemu hizo wakisafiri baina ya Perth na Albany. Wakafuata wachungaji wa kondoo, na wakata sandali, mti wenye harufu uliosafirishwa kwenda Asia kwa ajili ya ubani. Lakini mji haukuzaliwa na kondoo wala na sandali, ulizaliwa na reli. Kampuni moja ya watu binafsi ilikubaliana na serikali kujenga njia kutoka Beverley hadi Albany, na malipo yake hayakuwa fedha bali ardhi: ekari 12,000 kwa kila maili ya reli. Waliokuwa na ardhi hiyo hawakuulizwa. Mafundi walianza kutoka pande mbili, wakakutana kaskazini kidogo ya Katanning, na mwaka 1889 garimoshi likapita. Rundo la mawe bado linaonyesha mahali zilipoungana reli. Serikali iliinunua njia hiyo mwaka 1896.

Mtu aliyeujenga mji ni Frederick Henry Piesse, pamoja na ndugu yake Charles. Walifungua duka, na mwaka 1891 wakasimamisha kinu cha unga chenye ghorofa kadhaa. Kabla yake, mwenye ngano alikuwa na safari ndefu mpaka kwenye kinu. Kinu kile ndicho kilichowapa watu sababu ya kukata msitu na kulima. Piesse aliongeza kiwanda cha soda na shamba la mizabibu, akaingia Bungeni, akajenga jumba kubwa liitwalo Kobeelya, akafa mwaka 1912. Sanamu yake imesimama mjini. Kinu kilikaa gofu kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2018 ni hoteli. Nilikwenda kukitazama kwa ndani, maana mashine za zamani zimeachwa humo humo: kazi ya mbao ambayo fundi yeyote wa Lamu angeipapasa kwa mkono.

Sasa nifike kwenye chumvi, nami naomba subira, kwa kuwa hili ndilo somo ambalo ningependa kulifundisha kama ningerudishiwa ubao na chaki.

Upepo wa baharini hubeba chumvi kidogo sana pamoja na mvua. Katika nchi kongwe na tambarare kama hii, isiyo na mito ya kuikokota kuirudisha baharini, chumvi hiyo ilikusanyika chini ya udongo kwa maelfu ya miaka. Haikumdhuru mtu, kwa sababu miti ya asili ina mizizi mirefu, inayanywa maji karibu yote ya mvua kabla hayajashuka. Mkulima akaing'oa, akapanda ngano, ambayo mizizi yake ni mifupi na ambayo kwa miezi ya kiangazi haipo kabisa shambani. Maji yasiyonywewa yakashuka, maji ya chini yakapanda mwaka baada ya mwaka, yakaiyeyusha chumvi na kuileta juu. Mabondeni, penye udongo uliokuwa bora, miti ikafa imesimama, na ardhi ikabaki nyeupe kama sakafu ya madema ya chumvi.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulieleza jambo hili kwa kalamu alikuwa mhandisi wa reli, W. E. Wood, mwaka 1924. Shirika la reli lilihitaji maji matamu kwa ajili ya injini za mvuke, na likaona mabwawa yake yanageuka chumvi mara msitu unapokatwa. Wood aliandika wazi kwamba sababu ni kukata miti. Hakusikilizwa sana. Ukataji uliendelea kwa nguvu zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali yenyewe ikiwahimiza watu kufyeka. Leo katika pembe hii ya nchi zaidi ya hekta milioni moja zimeharibika. Wakulima wa sasa, na wapo wengi wenye akili na bidii, wanarudisha miti na kupanda vichaka vinavyostahimili chumvi ili kondoo wavile, lakini maji yaliyopanda kwa miaka 80 hayashuki kwa miaka 8.

Kosa lile halikuwa la ujinga. Maarifa yalikuwapo, yamechapwa, na wenye kuamua walikuwa wanasoma Kiingereza.

Jambo jingine ni kwamba udongo huo ni maskini wa fosfati. Bila mbolea hauzai. Na sehemu ya fosfati ya Australia na New Zealand ilichimbwa Kisiwa cha Christmas, kisiwa kidogo kusini ya Java ambacho Waingereza walikikabidhi kwa Australia mwaka 1958. Waliokuwa wakiichimba na kuipakia melini ni Wachina na Wamalay, kwa mishahara ya chini na nyumba zilizotengwa na za Wazungu. Katika miaka ya 1970 baadhi ya Wamalay hao, pamoja na wenzao wa Visiwa vya Cocos, walihamia Katanning. Machinjio ya mji yalihitaji wachinjaji Waislamu, kwa kuwa nchi za Ghuba zilikuwa zimeanza kununua nyama kwa wingi na hazikubali isiyo ya halali. Basi kisiwa kile kile kilichotoa mbolea kikatoa pia wachinjaji.

Msikiti wao ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siyo mkubwa. Sisi tuliozoea kwetu kuelekea kaskazini katika sala, pale tunageuka magharibi na kupinda kidogo kuelekea kaskazini. Mara ya kwanza nilipoingia upande wa wanawake, bibi mmoja wa makamo yangu alinishika mkono na kunikalisha, naye Kiingereza chake ni kama changu cha siku za mwanzo. Tulianza kujaribu maneno. Yeye husema *kabar*, nami habari. Yeye *waktu*, nami wakati. *Dunia* ni dunia kwetu sote, *sabun* ni sabuni, *akal* ni akili, *kitab* ni kitabu. Ikaletwa sahani ya wali wa nazi, na dagaa wa kukaanga pembeni, na hapo maneno hayakuhitajika tena. Nilimwuliza kama walipofika mara ya kwanza walipokewa vizuri. Alitafuta neno kidogo, akasema, "Walizoea." Sikumwuliza nani alimzoea nani.

Biashara ya Ghuba ina upande wake wa pili, nao unawahusu jamaa zetu wa Maskati na Kuwait ambao hawaulizi kondoo wa Idi ametoka wapi. Mbali na nyama, kondoo wazima hupakiwa melini Fremantle kwenda huko, na Kuwait imekuwa mnunuzi mkubwa. Baada ya vifo vingi vya kondoo kwa joto safarini, picha zilionyeshwa mwaka 2018 na watu wa mijini wakachukizwa. Sheria ya mwaka 2024 imepanga biashara hiyo ya baharini ikome tarehe 1 Mei 2028. Wakulima wa Katanning, ambako kuna mnada wa kondoo ulio miongoni mwa mikubwa ya nchi, wamekasirika, wakisema bei itaanguka na mji utapungua watu. Kwa maoni yangu mnyama hana haki ndogo kuliko mkulima, na katika chuo tulisomeshwa hata kutomwonyesha kisu. Lakini wenye kupitisha sheria hawaishi kwa sufu.

Nimeliacha la Carrolup mwisho kwa kuwa ni zito.

Mwanzoni mwa miaka ya 1910 wazazi wa Kizungu wa Katanning walilalamika kwamba watoto wa Kinoongar wanasoma pamoja na watoto wao. Wakaondolewa shuleni. Wananchi wakataka pia kambi za jamaa zao ziondolewe karibu na mji, na mwaka 1915 serikali ikafungua makazi ya Carrolup, upande wa magharibi, na polisi wakawapeleka huko. Mwaka 1922 Carrolup ilifungwa, watu wakahamishiwa Moore River, kaskazini ya Perth, mbali na nchi yao. Mwaka 1940 ikafunguliwa tena, na wengi wa watoto waliowekwa pale walikuwa wamechukuliwa kwa wazazi wao kwa amri ya sheria.

Mwaka 1946 alifika mwalimu mkuu aitwaye Noel White, pamoja na mkewe Lily. Alikuta watoto walionyamaza. Hakuwafokea. Aliwatoa matembezini porini, na wakirudi darasani aliwaambia wachore walichokiona. Wachoraji wengi walikuwa watoto wa miaka kumi hadi kumi na tano hivi, na vifaa vyao vilikuwa karatasi na chaki za rangi. Mwaka 1949 bibi mmoja Mwingereza, Florence Rutter, aliwatembelea, akashangaa, akachukua michoro mingi akaionyesha Ulaya. Lakini shule ile haikuachwa iendelee, na yapata mwaka 1950 ikafungwa. Mmoja wa wanafunzi, Revel Cooper, aliendelea kuchora mpaka ukubwani, mara nyingine akiwa gerezani.

Michoro iliuzwa kwa tajiri mmoja wa New York, naye mwaka 1966 akakipa Chuo Kikuu cha Colgate, kule kule Marekani. Ikawekwa makasha, ikasahauliwa, mpaka mtaalamu kutoka Australia alipoikuta mwaka 2004. Mwaka 2013 ilirudishwa, na sasa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Curtin, hapa hapa Perth, ambako watoto wa nyumba zetu kadhaa wanasoma.

Nimeiona baadhi. Ni ile ile nchi inayoonekana dirishani ukienda Katanning, ila wakati wa magharibi: mbingu nyekundu, miti myeusi mirefu imesimama mbele yake, kangaruu wanainua vichwa, na maji kwenye vidimbwi yanang'aa. Miti ni mingi sana. Mpwa wangu, ambaye sasa amehamia mjini, aliutazama mmoja kwa muda, kisha akaniuliza, "Shangazi, hapa ni wapi?"